Ngombe ya Miti mu Zizi ya Serikali

Vijana, siku mutu wa biro atawaambia kanuni fulani iliwekwa juu ya kuwalinda, kila mumoja ashike kwanza mufuko wake. Kisha amuulize: kumulinda nani, na nani? Mi sikumaliza hata darasa ya tatu kwa bapadri, lakini nilikula mukate wa asirance, yaani bima ya maisha, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, hapa hapa Ibanda ya Bukavu, na ule mukate ulinivunja meno. Ninyi munaoingia leo mu hii kazi na vikoti vya kukopa, kalamu zimejipanga mu mufuko wa shati kama watoto wa shule, munafikiri ujanja ulizaliwa na ninyi. Kaeni kwanza. Nitawatajia watu kwa majina yao, sababu wengine wangali wanasalimiwa njiani kama vile walikuwa watu.

Kampuni yetu ilijiita La Fidèle des Lacs. Fidèle, yaani muaminifu! Mutu muaminifu haandiki ile neno juu ya mulango wake. Ilikuwa na nyumba ya ghorofa yenye kuangalia ziwa, na direkteri wake aliitwa Monsieur Verlinghe, muzungu wa shingo nyekundu aliyependa maziwa kuliko bibi yake. Alikuwa na shamba kule Miti, kwenye barabara ya Kavumu, na mu ile shamba ngombe mbili zenye madoa nyeusi na nyeupe, zililetwa toka Ulaya. Kila asubuhi dereva alifuata maziwa. Sisi wa biro tulikuwa tunasema, dereva akichelewa, hakuna mutu ataandikiwa hata barua moja mbele ya saa ine.

Sasa ile kanuni. Pesa ambayo watu walilipa asirance, kampuni haikuwa na ruhusa ya kuifanyia kila kitu. Sehemu kubwa ilipaswa kuwekwa akiba, na ile akiba inunue deni ya Serikali, makaratasi ya Koloni. Serikali inachukua pesa, inajenga barabara, kiwanja cha ndege, nyumba za wakubwa zenye maua mbele, nayo inakupa karatasi yenye kusema: nitarudisha kisha miaka mingi, na kila nusu ya mwaka nitakupa faida kidogo. Karatasi zinafungwa mu banki, na kampuni haiwezi kuziuza paka wakubwa wa Léopoldville waseme ndiyo. Walisema: ni juu ya kulinda walipaji, direkteri asikimbie na pesa yao.

Angalieni ile akili vizuri. Serikali iliandika kanuni ya kulazimisha watu waikopeshe, kisha ikajiita mulinzi wao. Hata mwizi wa soko ya Kadutu, akikuibia shati, hakuombi umushukuru.

Mi nilikuwa planton. Kufungua mulango, kupeleka barua posta, kuchemsha kahawa, kusema "Monsieur hayupo" wakati Monsieur iko nyuma ya mulango anakohoa. Lakini mara mbili kwa mwaka nilikuwa mutu mukubwa. Ile karatasi ya Serikali ilikuwa na vipande vidogo vimepangana chini yake kama meno, na kila kipande kinaitwa kupon. Siku ya faida ikifika, unakata kupon moja kwa kila karatasi, unapeleka banki, banki inatoa pesa. Makalaka, wale makarani waliosoma, walikataa kuzikata. Walisema ni kazi ya fundi nguo. Basi ikaangukia mi na Papa Issa, planton wa zamani, mutu wa Uvira, wa zile familia za kiislamu za biashara ambazo babu yao alitoka pwani. Yeye njo alinifundisha.

"Mwanangu, mukasi haujui kusoma," alikuwa ananiambia. "Ukiingia ndani ya namba, kupon imekufa, na banki haiendi matanga."

Alinionyesha kuosha mikono na majivu na kuikausha juani. Siku ya mvua hakuna kukata, sababu karatasi inakunywa unyevu na mustari unakudanganya. Usifungue na kufunga mukasi kama kinyozi; ufungue mara moja, usukume paka mwisho. Na usiongee. Planton mumoja aliyenitangulia alikuwa anakata huku anakula ndakala, dagaa za ziwa, mawese ikadondoka juu ya taji ya mufalme iliyochorwa kwenye karatasi, na Verlinghe akamufukuza saa ile ile. Papa Issa akamalizia zile ndakala. "Riziki haitupwi kwa sababu ya mufalme," akasema, akalamba vidole, akaenda kuviosha na majivu.

Basi ile njo kazi. Sasa niwaonyeshe mutu wa kwanza mwenye kosa.

Thaddée Mulonda, mukubwa wa wale waliozunguka kuuza asirance. Saa ya dhahabu ya uongo, évolué, yaani raia wa Kizungu nusu kwa karatasi na nusu kwa pua. Mi nilimubebea sanduku na kiti, sababu Thaddée hakukaa kwenye kiti cha mutu mweusi mwenzake. Alizaliwa kule Walungu ndani ya mboleo ya ngombe kama sisi sote, na alijua ni neno gani linafungua mufuko wa Mushi, mutu wa Bushi.

Kwetu Bushi, mutu akiwa na ngombe na hana majani, anaiweka mu zizi ya mwenzake. Mwenye zizi anakunywa maziwa na anatia mboleo mu shamba yake ya ndizi, lakini ngombe inabaki ya mwenyewe. Mwenyewe anaweza kuja kuiangalia siku yoyote, na anakuja na mutungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, juu ya heshima. Ngombe ikikufa, mwenye zizi anamuletea ngozi, aone kama ni kifo kweli. Akikosa ngozi, anatoa ngombe ingine toka zizi yake. Na mwenye zizi akiisha kudaiwa, akikunywa ile kasiksi, amekubali kulipa. Hakuna tena maneno.

Basi siku moja kisha misa, mu darasa ya shule ya misioni kule Miti, Thaddée akasimama mbele ya watu.

"Bandugu, franga yenu ni ngombe," akasema. "Fidèle inaipeleka mu zizi ya Serikali. Mu Kongo muzima, ni zizi gani iko na ukuta kupita ile?"

Watu wakacheka, wakaelewa. Walielewa kupita vile Thaddée alitaka. Akasimama Muzee Ntakwinja, mulimaji wa pale, mutu mwenye kichwa kigumu ambaye hata padri alimuogopa siku ya katekisimu.

"Na ngombe ikikufa mule ndani, ni nani atatuletea ngozi?"

"Serikali haikufake, muzee!"

"Kila mwenye zizi anasemaka ivyo. Mi nauliza ngozi."

Nikaona watu wanarudisha pesa mu mifuko, na Thaddée pia akaona, sababu kwa kila jina alilipwa kitu kidogo. Akapandisha sauti.

"Kama ngozi haiko, direkteri mwenyewe atatoa ngombe mu zizi yake! Mi Thaddée njo nasema!"

Wakapiga mikono. Wakajiandikisha. Wa kwanza alikuwa Anselme, moniteri, mwalimu wa ile shule, aliyeoa Nabintu, mutoto wa Muzee Ntakwinja. Anselme alikuwa mutu wa viatu vya kushonwa mara nyingi, lakini asirance yake hakukosa kulipa hata mara moja. Mi mwenyewe nilimupokelea kwenye giche, ile dirisha ya kulipia. Alikuwa ananiambia, "Bahati, hii si juu yangu. Ni juu ya Nabintu asiende kupigwa na mutu sikumuchagua mi."

Alikuwa anamusema ndugu yake. Nitafika.

Anselme alikufa kwenye milima ya Ngomo. Camion, lori aliyopanda, ilikuwa inashuka Sange kufuata mupunga wa watoto wa shule, breki ikakataa, na Ngomo haina huruma na mutu wa breki mbaya. Walimuleta Miti amefungwa mu maturubai ya muchele. Matanga hayajaisha, ndugu yake Cikuru akaanza kupima nyumba na macho. Cikuru huyu, jina lake liandikwe kubwa, alikuwa mutu wa kulala paka jua likamutoa kitandani. Alisema desturi inamupa mujane wa ndugu yake. Musifikiri ilikuwa mapenzi. Nyumba ya Anselme ilikuwa na mabati, na ndani kulikuwa cherehani.

Nabintu akasema hapana. Akaisema mbele ya wazee. Wazee wa Miti wakakaa, wakatoa neno: baba yake arudishe ngombe mbili za mahari kwa Cikuru mbele ya mavuno ya maharagi. Akirudisha, Nabintu anabaki mu nyumba yake na watoto wake, hakuna mutu atamuuliza tena. Akikosa, Cikuru anaingia na mukeka wake.

Lakini Muzee Ntakwinja hakuwa tena na zile ngombe. Moja ilienda kwa chefu juu ya shamba, ingine ilikufa na ugonjwa. Ilibaki tu pesa ya asirance ya Anselme. Ile pesa ingenunua ngombe mbili na kamba zake.

Nabintu akatembea toka Miti paka Ibanda. Thaddée akamupokea kwenye giche, mi niko nyuma na chupa ya kahawa.

"Maman, pole sana. Dosie, faili ya bwana yako, iko naendelea."

"Iko naendelea wapi? Mi nilikuya na miguu toka Miti na nimefika. Yeye anapanda nini?"

"Maman, mambo ya asirance ni ya kusoma."

"Bwana yangu alisoma. Njo maana alilipa."

Papa Issa akainama kufunga kiatu chake. Papa Issa alikuwa anavaa sandale.

Kelele ikamutoa Verlinghe. Akamuangalia yule mama na uso wa padri, na akasema ile maneno ambayo nilikuja kuisikia mara nyingi paka niliweza kuisema usingizini. Pesa iko. Hakuna anayeikataa. Lakini iko mu makaratasi ya Koloni, na kanuni inanikataza kuyauza. Nimeandikia Léopoldville, ninangoja. Na tangu ile fujo ya Léopoldville, watu wakidai uhuru, bei ya makaratasi imeanguka. Nikiuza leo, ninaharibu akiba ya walipaji wote. Mi ninawalinda.

Vijana, shikeni hii, sababu hata leo wakubwa wenu watawafundisha kuisema. Kanuni ilifunga makaratasi. Haikufunga pesa ya kupon. Ile pesa mi niliikata, Papa Issa aliipeleka, banki ilitoa noti bichi zenye kunuka wino, na Verlinghe aliituma Brussels. Mujane wa Miti angelipwa na asubuhi moja ya mukasi wangu. Lakini kanuni ni kama mulango: mwenye nyumba anaufunga wakati wewe unakuja, anaufungua wakati yeye anatoka.

Nabintu akarudi mara ya pili, dosie iko naendelea. Mara ya tatu, Thaddée alijificha mu choo. Maharagi ilikuwa imeanza kutoa maua.

Hapo Muzee Ntakwinja akafanya kitu ambacho mutu mwingine mu dunia hangefanya. Muzungu angetafuta avoka, mwanasheria. Évolué angeandika barua yenye "nina heshima". Muzee akatengeneza kasiksi. Alisema: nina ngombe kwa mutu, desturi inaniruhusu kwenda kuiangalia.

Walikuja siku ya kukata kupon, yeye na Nabintu na wazee wa Miti, wamevaa makoti ya misa, na mutungi umefungwa na jani la ndizi. Makaratasi yalikuwa mezani, yametoka banki asubuhi ile. Mi nilikuwa na mukasi. Thaddée akataka kuwafukuza, lakini kwa Verlinghe alikuwa ameketi mupiga picha wa gazeti moja ya Serikali, aliyetafuta habari nzuri juu ya watu weusi wenye kujua kuweka akiba. Verlinghe akasikia wanataka kuona deni ya Koloni na macho yao, akafurahi kama mutoto.

"Waache waingie! Piga picha. Wazee wa kijiji wanatembelea akiba yao."

Nilishika karatasi moja juu. Muzee Ntakwinja akaisogelea, akaiangalia mbele, akainama akaiangalia nyuma, vile unaangalia ngombe miguu.

"Huyu njo ngombe?"

"Njo yeye," Thaddée akasema.

"Haina hata kivuli. Iko nakamuliwa?"

Verlinghe akanipa alama. Nikakata kupon moja mbele yao, nikaisukuma paka mwisho bila kusema neno. Wazee wakaguna. Mupiga picha akapiga.

"Maziwa iko naenda wapi?" muzee mumoja akauliza.

"Brussels."

"Mbali ivyo? Haiharibikake njiani?"

Hata Verlinghe, Thaddée alipomutafsiria, alicheka paka shingo ikageuka rangi ya mawese. Ndipo Nabintu akatoka nyuma ya wazee.

"Mi sikukuya juu ya maziwa. Mwenye ngombe amekufa. Munipe ngombe yake leo, maharagi iko naiva."

Verlinghe alikuwa na furaha siku ile, na mutu wa kiburi akifurahi anakuwa mujinga maradufu. Akasema, kupitia Thaddée, ile maneno yake yote ya kanuni na Léopoldville, na akaongeza kuchekesha: "Muambie, ngombe yake nikiiuza leo, ninapata bei ya mbuzi."

Thaddée akatafsiri ile sawasawa, sababu ilikuwa tamu.

Muzee Ntakwinja akauliza polepole: "Ngombe ya bei ya mbuzi?"

"Ivyo."

"Basi ilikufa. Mulituficha. Iko wapi ngozi?"

Muzee akainamia mutungi. Akafungua jani la ndizi, akajaza kikombe, akakishika na mikono miwili mbele ya direkteri. "Mwenye zizi, nakudai. Ngozi haiko. Toa mu zizi yako."

"Anasema nini?" Verlinghe akauliza.

Hapa, vijana, njo ninamutaja Thaddée Mulonda mara ya pili, na ningekuwa na wino nyekundu ningeutumia. Thaddée alielewa. Mutoto wa Walungu, angekosa kuelewa? Nilimuona jasho linamutoka chini ya kofia. Kama angesema kweli, direkteri angejua yeye njo alizusha ile maneno yote ya zizi kule Miti juu ya kamisio yake, ile pesa kidogo ya kila jina.

"Anasema asante, Monsieur. Anakutakia afya."

Na Verlinghe, mbele ya picha, akakunywa. Alikunywa yote. Akapangusa midomo, akasema "Bon, bon."

Wazee wakasimama wote pamoja. Nabintu akafunga kitambaa chake vizuri. Papa Issa akaninong'oneza: "Mwanangu, mwenye zizi amekunywa." Alikuwa ameishi kati ya Bashi miaka mingi, yule muzee wa Uvira, kupita Thaddée.

Siku ya Mungu, jumapili iliyofuata, jua iko katikati ya kichwa, wakaenda kwenye shamba ya Verlinghe na kamba za migomba. Hawakujificha. Waliimba. Mulishaji wa zile ngombe alikuwa mutu wa Miti, na alizifungua yeye mwenyewe. Kisha akaniambia, "Nilisikia direkteri alikunywa. Mi ningekataa na nini?"

Wakazipeleka moja kwa moja kwa Cikuru, mbele ya katekista na wale wazee waliotoa neno. Cikuru hakuuliza zinatoka wapi. Mutu wa tamaa haulizi njia, anauliza kamba iko wapi. Aliziangalia zile matiti kama mapapai, akakamata ndoo, ndoo ikajaa, akaita jirani, akaita ndoo ingine. Akasema mbele ya wote, na maziwa kwenye ndevu: "Nimepokea. Nabintu hana tena neno na mi." Katekista akasali. Wakaenda kula.

Kwa siku chache Cikuru alikuwa tajiri wa Miti. Alikuwa anapita barabarani anasalimia watu ambao hakuwahi kuwaona mbele. Kisha dereva wa Verlinghe akarudi Ibanda bila maziwa, na mutapenda kujua: ile Serikali ambayo ilikosa njia ya kumulipa mujane mumoja, ilipata haraka jeep, komiseri na polisi juu ya ngombe mbili. Hapo hawakungoja Léopoldville.

Zile ngombe zikarudi kwa muzungu. Muzee Ntakwinja na mulishaji wakaingia buloko, gerezani. Na mi. Komiseri aliuliza ni nani alifundisha wale washenzi kusema kampuni ina zizi, na Thaddée akaninyooshea kidole.

"Ni planton. Yeye njo alikuwa anazunguka Miti."

"Na wewe, unajua hii desturi ya kukunywa?"

"Mi, mon commissaire? Mi ni évolué. Mambo ya ngombe siijuake."

Nilitaka kucheka, lakini polisi alikuwa amenishika shingo.

Buloko ya Bukavu sitawaelezea. Wenye waliingia wanaijua, na wenye hawakuingia wanapenda sana kuisikia. Papa Issa alituletea ndakala. Muzee Ntakwinja alikaa amenyooka kama iko kanisani, na kila asubuhi alimuuliza mulinzi: "Cikuru alikuya kusema nini?" Mulinzi: "Cikuru ni nani?" Muzee alikuwa anacheka peke yake. Mi sikuelewa. Nilifikiri njaa imemupanda kichwani.

Mi walinifungua wa kwanza, bila kazi, bila mushahara wa mwisho. Kanuni ilikuwa inakataza, nafikiri. Muzee akanituma Miti: nimusalimie mutoto wake, nimuambie ashike nyumba, na amutumie tumbako.

Na makaratasi, munauliza? Uhuru ulipofika, zile nchi mbili, ya Wabelgiji na ya kwetu, zikakaa kubishana, kila moja inasema deni ni ya mwenzake, miaka na miaka, mabwana wa tai pande zote mbili, hoteli inalipwa. Verlinghe alikuwa amekwisha kupanda ndege. Ngombe zake aliziuza kwa bei ya ngombe. Thaddée akapata kiti cha direkteri miezi kidogo, na walipaji wakija aliwaambia, neno kwa neno: pesa iko, kanuni inanikataza. Kisha mulango ukafungwa, na ule ubao wa jina ukachukuliwa na mutu wa kuni. Thaddée leo ni muzee wa heshima. Anatoa hotuba kwenye maarusi.

Lakini narudi siku ile nilifika Miti na salamu za buloko. Nilimukuta Nabintu mu shamba anang'oa maharagi. Sikumaliza hata kusema habari ya tumbako, Cikuru akatokea na mukeka chini ya mukono, na wazee wawili wa ukoo wake nyuma, wamekwisha kukunywa kitu.

"Nabintu, ngombe ilirudi kwa muzungu," akasema. "Sina kitu mu mukono. Basi haukunilipa. Leo naingia mu nyumba ya ndugu yangu."

Nabintu hakusimama. Aliendelea kung'oa, akapiga muzizi kwenye goti kutoa udongo.

"Shemeji, ulipokea ao haukupokea?"

"Ilirudi, nakuambia!"

"Sikuulizi kama ilirudi. Nauliza kama baba yangu alikupa."

Cikuru akawaangalia wazee wake. Mumoja akaangalia mawingu.

"Juu kama alikupa," Nabintu akasema, "nimemaliza na wewe, katekista alisikia, na maziwa ulikunywa. Na kama hakukupa, muzuri, weka ule mukeka chini, twende sasa ivi Bukavu, wewe na mi na huyu Bahati. Useme mbele ya komiseri: Ntakwinja hakunipa ngombe hata moja. Bamufungue baba yangu leo. Wewe utabaki kumuelezea ni nani aliziweka mu zizi yako."

Nilielewa basi muzee alikuwa anacheka nini mule ndani.

Cikuru akahamisha mukeka mukono mwingine. Alisema wanawake wa siku hizi, alisema misioni imeharibu inchi, alisema atarudi na watu. Wazee wake walikuwa wameshafika barabarani. Akawafuata, na ule mukeka ulikuwa umelegea, unamupiga magoti kila hatua.

Nabintu akanyoosha mugongo. Akaniuliza kama baba yake anataka tumbako ya majani ao ya kusaga.